Mashine ya kukodi ya kuosha makochi, Malindi

Kazi yangu ni kuosha madirisha, najitegemea. Kaskazi ikivuma sina shida: chumvi ya bahari inaganda kwenye vioo huko Casuarina, na simu haziishi. Masika yakiingia, wageni washarudi kwao, majumba yamefungwa, na nani atalipa kuoshewa kioo mvua ikinyesha?

Mwaka huu nikakodi mashine ya kuosha makochi, shilingi 800 kwa siku. Nikawapigia walinzi wa majumba yangu yale yale: "Ndani kukoje, kaka?" Kote jibu moja, makochi yameota ukungu.

Kochi la kwanza, maji yaliyorudi kwenye tangi yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Wallahi nilimwita mlinzi aje aone. Mashine inavuta maji vizuri, kitambaa kinabaki na unyevu kidogo tu. Ila jua hakuna, lazima uwashe feni, na umeme ukikatika imekula kwako.

Bomba lilikuja na ufa. Nililifunga kwa gundi ya utepe, na bado mwenye duka akataka kukata pesa zangu za dhamana! Piga picha kabla hujaibeba. Mimi nitakodi tena, bomba nishanunua langu.