SVS SB-1000 Pro au PB-1000 Pro: uzoefu wangu wa sabufa kwenye sebule ya Mwanza

Ukipita Makoroboi au maduka ya Rwagasore ukaulizia sabufa, utaoneshwa seti nzima: boksi lenye amplifaya ndani na spika ndogo mbili au tatu za pembeni. Seti hizo zina kazi yake. Hapa naongelea sabufa yenyewe: boksi moja, koni moja kubwa, amplifaya yake ndani, kazi yake besi tu, na inaungwa kwenye risiva ya sinema ya nyumbani au amplifaya ya stirio uliyo nayo tayari. Nimetumia mbili za SVS, kampuni ya Marekani: SB-1000 Pro na PB-1000 Pro. Zote zina koni ya inchi 12 na amplifaya ya wati 325 RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Kinachozitenganisha ni boksi: SB limezibwa pande zote, PB lina tundu la kutolea hewa. Kwa mtu anayehangaika kuchagua, jozi hii inafundisha sana, maana inchi na wati ni zilezile na bado sauti hazifanani.

Jibu langu kwa sebule ya kawaida ya hapa, mita 5 kwa 4, kuta za tofali za saruji, na mwenye nyumba anayesikiliza muziki kuliko kutazama filamu: chukua SB. Kama filamu ndiyo starehe yenu kila usiku, chumba ni kikubwa au kimefunguka hadi jikoni, chukua PB, mradi una pa kuiweka. SB ina kilo 12 hivi na haifiki sentimita 40 upande wowote. PB ina kilo 20, urefu na kina chake vyote ni karibu nusu mita, na kwenye sebule yenye kochi la watu watatu na kabati la vyombo hilo ni jambo la kupima kwa futi kabla ya kulipa.

Kiwanda kinaandika SB inashuka hadi herzi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi) na PB hadi 17. Namba hizo zikisomwa peke yake zinapotosha, kwa sababu tofauti kubwa iko kwenye nguvu. Kati ya herzi 20 na 35 tundu linaisaidia koni, kwa hiyo PB inatoa mtikisiko mkubwa zaidi kabla ya kuelemewa. Ngurumo za mlipuko na injini nzito kwenye filamu ziko humo humo. Muziki haufiki huko mara nyingi. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unalia kwenye herzi 41, unaofuata 55, kisha 73 na 98. Gitaa la nyuzi tano linafika 31. Ukiwa na sabufa inayocheza 30 kwa usafi, dansi, taarabu na bongo fleva umezimaliza.

Usafi huo ndio unaonifanya nipende boksi lililozibwa. Hewa iliyofungwa ndani inaisukuma koni irudi mahali pake, na ishara ikikoma koni nayo inatulia haraka. Ijaribu na singeli. Mwendo wa mapigo 240 kwa dakika maana yake kila robo sekunde kuna pigo. Sabufa inayochelewa kutulia inayaunganisha mapigo hayo yakawa mngurumo mmoja, na mkono wa mpigaji humsikii tena. Halafu weka rumba yenye gitaa la besi linalotembea, ufuatilie noti moja moja: zote zinatakiwa zisikike kwa uzito unaokaribiana. Ikiwa noti moja inaruka juu na nyingine zinafifia, tatizo ni boksi au ni chumba. Seti nyingi za bei ndogo zimetegeshwa zivimbe kwenye herzi 60 hadi 80 ili dukani zionekane nzito, na ndiyo maana kila wimbo unakuwa na besi ileile.

Kuhusu wati, usihangaike na PMPO, ile namba kubwa ya kuvutia wateja iliyobandikwa mbele. Geuza boksi usome kibandiko cha nyuma. Kikisema linatumia wati 60 za umeme, haliwezi kukupa wati 60 za sauti mfululizo, acha zile elfu nane za kwenye katoni. Sehemu ya umeme huo inaishia kuwa joto. RMS ndiyo namba ya kulinganisha.

Sasa chumba, ambacho kinaharibu sabufa nyingi nzuri. Chukua 172, gawanya kwa urefu wa chumba kwa mita, utapata herzi ambayo chumba kitaivimbisha. Mita 5 inakupa 34, mita 4 inakupa 43, na dari la mita 2.7 linakupa 64. Kuta za saruji zinarudisha besi karibu yote, kwa hiyo uvimbe huo ni mkali kuliko wa nyumba za mbao ambazo wakaguzi wengi wa Marekani wanazijaribia. Kuna upande wa faida pia: chini ya ile namba ya kwanza, chumba kilichofungwa kinaanza kuisaidia sabufa, na msaada huo unakwenda vizuri na boksi lililozibwa ambalo linashuka taratibu, desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila herzi zinapopungua nusu. Lenye tundu linashikilia kwa nguvu, kisha likishuka chini ya herzi ya tundu lake linaporomoka kwa 24. Lakini msaada huo unataka mlango na madirisha vifungwe. Jioni ya joto ukifungua madirisha yote, unaupoteza kwa kiasi kikubwa, na hilo nalo ni jambo la kuangalia kabla ya kuilaumu sabufa.

Pa kuiweka patafute hivi. Iweke sabufa juu ya kiti unachokalia siku zote, cheza wimbo wenye besi inayotembea au programu ya simu inayotoa sauti kutoka herzi 20 hadi 120, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Utapita sehemu besi inavimba, nyingine inapotea kabisa. Pale noti zinaposikika sawa, hapo ndipo pa sabufa. Kona inaongeza sauti sana: ukutani unaweza kupata hadi desibeli 6 zaidi ya katikati ya chumba, na kona inaongeza tena. Desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara nne, kwa hiyo mwenye sabufa ndogo aanzie konani, mwenye kubwa aanzie sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani. Kiti kisigande ukuta wa nyuma, huko besi inavimba. Wala kisiwe katikati kabisa ya chumba. Theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa nyuma inanifaa.

Kuunga ni kwepesi. Risiva: waya mmoja wa RCA kutoka tundu la risiva lililoandikwa sabufa (SUB) hadi tundu la LFE, la kupokea besi, nyuma ya sabufa. Kwenye menyu ya risiva chagua kuwa spika zako ni ndogo (Small) hata kama ni ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, krosova, yaani mpaka ambapo sabufa inazipokea sauti za chini kutoka kwa spika, iwe herzi 80. Kwa vispika vya inchi 3 panda hadi 120 au 150, na hapo sabufa isikae mbali na spika za mbele, maana sikio litaanza kujua besi inatoka wapi. Kichujio cha kwenye sabufa yenyewe kizime au kipeleke mwisho, la sivyo besi itachujwa mara mbili na kati ya 60 na 100 patabaki shimo. Fezi, yaani swichi inayofanya koni ya sabufa na za spika zisogee pamoja: cheza sauti ya herzi 80 kwenye spika na sabufa pamoja, badilisha kati ya 0 na 180, chagua inayosikika kubwa ukiwa umekaa kwenye kiti. Risiva iliyojipima yenyewe ikikuambia sabufa iko mbali kuliko futi inavyosema, iache. Inahesabu ucheleweshaji wa saketi za ndani.

Hizi Pro zinarekebishwa kwa programu ya simu kupitia Bluetooth, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzipa alama za juu. Unapata vichujio vitatu vya kusawazisha. Kwenye chumba cha mita 4 nimeweka kimoja herzi 43, kikipunguza desibeli 5 kwa upana mdogo, na gitaa la besi likapata nafasi yake. Punguza uvimbe tu. Pale chumba kinapomeza besi usiongeze, utaichosha koni na shimo litabaki. Ukipima kwa simu, kumbuka maikrofoni zake ni dhaifu kwenye besi ya chini, kwa hiyo zitumie kulinganisha kabla na baada ya marekebisho.

Besi ya kweli inaanika kila kilicholegea: fremu za madirisha ya aluminiamu, grili, jipsamu ya dari, bati, vioo vya kabati. Cheza sauti hiyo ya 20 hadi 120 polepole, mtu wa pili ashike kitu kimoja kimoja hadi mlio ukome, kisha weka utepe wa sponji au kaza skrubu. Nyumba za kupanga ambazo dari linapita juu ya vyumba vyote, besi inasafiri huko juu hadi kwa jirani wa tatu. Raba nene chini ya sabufa inasaidia sakafu, haizuii kinachopita hewani. Saa nne usiku punguza.

Mtumba wa Japani una mashine nzuri sana, lakini nyingi ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Zikichomekwa kwenye 230 yetu zinaungua hapo hapo. Soma nyuma: inatakiwa 220 hadi 240, herzi 50, au ununue na transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi matumizi yake. Bonyeza ukingo wa koni kwa kidole. Wa sponji ukimomonyoka, fundi anaweza kuubadilisha, lakini wa mpira unadumu zaidi. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu na sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Ikiwa spika ni ya omu 4, mita ya fundi umeme ikipima omu itasoma 3 na ushee.

Ukisikia mvumo usiokoma hata muziki ukizimwa, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukikoma, umepata njia yake: ethi mbili zinagongana. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Nyumba nyingi za milimani, Isamilo au Bugando, zimekaa juu ya mwamba na fimbo ya ethi haizami vizuri, kwa hiyo muite fundi umeme aipime. Kukata mguu wa ethi kwenye plagi kunaweza kuua mtu. Vizuizi vya mvumo vya antena za kawaida navyo havifai dishi, vinaziba volti 13 na 18 zinazopanda kuiendesha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi.

Ziwa linaleta radi nyingi, na gadi ya TV inasaidia umeme unaporudi kwa kishindo lakini haizuii radi. Mawingu yakifunga, chomoa plagi ya sabufa ukutani pamoja na waya wa dishi, kwa sababu radi inaweza kushuka kwa dishi, ikapita king'amuzi, HDMI na risiva, ikaifikia sabufa kwa waya wa RCA wakati plagi yenyewe iko sakafuni.