Gramps ndani ya hema: uzoefu wangu wa kuandika ukoo kwenye kambi ambayo sikuitaka

Kwa wenye haraka: Gramps, programu ya kompyuta ya kuandikia mti wa ukoo, naipa alama za juu, kipimo cha vinasaba (DNA) cha kutema mate nakipa nusu, na hema lililoandikwa "watu 6" ni la watu 4, tena wawe wanapendana.

Mimi si mtu wa kambi. Sijawahi kuelewa kwa nini mwenye kitanda aende kulala juu ya mizizi ya miti kwa hiari yake, na likizo ya kiangazi kwangu ni kuamka jua limeshapanda. Lakini shangazi alishaamua. Alitaka uzao wote wa babu ukae mahali pamoja, mbali na televisheni, wazee wakiwa bado wanakumbuka mambo, na tukitoka hapo tuwe na mti wa ukoo ulioandikwa. Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi, kwa kigezo kwamba ndiye ninayewarekebishia watu simu zao. Shangazi hakataliwi, hukwepwa tu, na safari hii aliniwahi.

Hema nilimalize kwanza. Watengenezaji huhesabu watu kwa kupanga magodoro ubavu kwa ubavu, bila begi, bila viatu, bila mtoto anayejigeuza usiku. Ukiona namba, toa 2. Na asubuhi ukikuta matone yanadondoka kutoka juu, usikimbilie kusema linavuja. Ni pumzi zenu: mvuke unapanda, unagusa kitambaa kilichopoa, unageuka maji. Dawa ni kuacha wazi matundu ya hewa ya juu hata kama kuna baridi. Mjomba hakutaka kusikia habari hiyo, tukayafunga kwa heshima yake, tukaamka tumelowa. Usiku uliofuata aliyafungua mwenyewe bila kusema neno.

Sasa Gramps. Tulipopiga kambi hapakuwa na mtandao, na ndiyo sababu ya kwanza niliyoichagua. Ni programu huria, ya bure, unaisakinisha kwenye kompyuta yako iwe ya Windows, Mac au Linux, na kila unachoandika kinabaki humo humo. Haitaki akaunti, haitaki barua pepe, haikusumbui kwamba imepata ndugu mpya ambaye utamwona ukilipia. Kompyuta niliichaji kwenye gari, nikapunguza mwanga wa kioo ili betri idumu, nikaketi mlangoni pa hema na wazee wakaja kwa zamu kama wanaoitwa na karani.

Sura yake ni ya kizamani. Madirisha yanafunguka juu ya madirisha, na ukitaka kuandika mtu, tukio na chanzo cha habari utapita hatua kadhaa. Ya simu haipo. Kuna Gramps Web inayofunguka kwenye kivinjari, lakini inahitaji seva, na seva si kitu cha kubeba kwenda porini. Aliyezoea kugusa kioo na kuburuta picha ataichukia siku ya kwanza.

Hata hivyo inafanya jambo moja ambalo kwangu linafunika hayo yote: haikulazimishi kujua usichokijua. Mzee hakupi tarehe, anakupa ushahidi. Nilimwuliza baba mdogo dada yake alizaliwa lini, akaniambia, "Alizaliwa kabla yangu, ila baada ya yule aliyefariki akiwa mchanga." Programu nyingine nilizowahi kujaribu zingenibana niweke mwaka, nami ningebuni, na baada ya miaka kadhaa wajukuu wangesoma ubunifu wangu kama historia. Kwenye Gramps unaandika "kabla ya", "baada ya", "karibu na", au kati ya mwaka huu na ule, kisha unaweka alama kwamba ni makadirio. Jibu la baba mdogo liliingia jinsi alivyolitoa.

Vilevile kila habari unaweza kuifunga kwenye chanzo chake na kuipa kiwango cha uhakika, kuanzia cha chini sana hadi cha juu sana. Hapa ndipo nilipopata matatizo na mwajiri wangu. Shangazi alichungulia kioo akaona habari aliyonipa kuhusu ndoa ya babu na bibi imewekwa kiwango cha chini.

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Hapana shangazi. Ni kwa sababu ulikuwa hujazaliwa."

"Basi si uandike hivyo!"

Nikaandika hivyo. Kwenye sehemu ya maelezo kuna sentensi inayosema msimuliaji hakuwepo ila alisikia kwa mama yake, na kusema kweli ndiyo sentensi yenye manufaa kuliko nyingi nilizoandika pale.

Watoto wa kulelewa ndiyo waliochukua muda mrefu zaidi. Katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi, kuna mtu aliyezaliwa na huyu akakuzwa na yule, na anayemwita mama ni yule. Gramps inakuruhusu kumweka mtu mmoja kwenye familia zaidi ya moja, na kwa kila mtoto unachagua uhusiano wake na baba na uhusiano wake na mama, kila mmoja peke yake: wa kuzaliwa, wa kuasiliwa, wa kambo, wa kulelewa, au neno lolote utakaloandika mwenyewe. Nilidhani tatizo limekwisha. Bibi akakataa. Hataki mwanawe aonekane na mstari tofauti na wenzake, basi. Mjomba akasema ukweli lazima uandikwe. Walibishana hadi tochi zikaanza kufifia, na mwenyewe anayebishaniwa, mtu mzima mwenye wajukuu, amelala hema la pili anakoroma. Uamuzi wangu ulikuwa huu: ndani ya faili yamo yote mawili, ila mchoro utakaochapishwa na kutundikwa ukutani utafuata anavyotaka bibi. Wanaoona nasaba ni vinasaba tu hawatanielewa. Sina shida nao.

Ambacho sikukitarajia ni kwamba kambi yenyewe ingenisaidia kazi. Ukimfuata mzee nyumbani kwake anakupa hadithi iliyokwisha kupigwa pasi. Kambini kuta ni za kitambaa, kila mtu anasikia kila kitu. Mmoja akianza kusimulia walivyohama, hema la jirani linajibu, "Si kweli, tulihama kabla ya hapo, wewe ulikuwa mgongoni." Mambo ambayo mimi peke yangu nisingejua hata kuyauliza yalitoka kwa njia hiyo ya kukatizana. Nilikuwa nimewaomba ruhusa kurekodi, nikaacha simu iko katikati na kinasa sauti kinaenda, halafu nikayapanga baadaye kwa utulivu. Kama una picha za zamani zibebe, na usiulize tu huyu ni nani. Uliza nani alikuwa anapiga picha. Mara nyingi aliyesahaulika kwenye ukoo ni yule aliyeshika kamera.

Tuliporudi kwenye mtandao nilihamia tovuti ya FamilySearch kutafuta nyaraka. Nayo ni bure. Ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaojulikana kama Wamormoni, na mizizi yake ni chama cha nasaba kilichoanzishwa Utah, Marekani, mwaka 1894. Walianza kupiga nyaraka kwenye filamu ndogo mwaka 1938, na mwaka 2021 wakamaliza kugeuza kuwa za kidijitali filamu zao takriban milioni 2.4. Kwa hiyo hata kama ukoo wako hauna karatasi nyingi, inafaa kuchungulia. Mti wao ni mmoja wa dunia nzima: marehemu mmoja anatakiwa kuwa na ukurasa mmoja, na mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuuhariri. Walio hai hufichwa. Mimi naitumia kama maktaba, naenda kusoma na kuondoka. Kumbukumbu ya ukoo wangu naiacha kwenye kompyuta yangu. Kuhamisha data si kazi, maana kuna muundo wa faili uitwao GEDCOM, uliobuniwa na kanisa hilo hilo mwaka 1984, ambao hadi leo programu nyingi za nasaba zinausoma, Gramps ikiwemo. Programu isiyokuruhusu kutoa data zako kwa GEDCOM, ikimbie.

Sasa mate. Shangazi alikuja kambini na visanduku vya kipimo cha vinasaba kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Masharti yake ni kutokula, kutokunywa na kutovuta sigara kwa dakika 30, kisha uteme mate kwenye kichupa hadi yafike kwenye mstari, mapovu hayahesabiwi. Jaribu kumweleza mzee mdomo mkavu kwamba mapovu hayahesabiwi. Watoto walicheka hadi wakafukuzwa. Binamu mmoja alikataa katakata kutema, tukamwona mgumu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, yakiongozwa na ramani yenye rangi na asilimia. Mjomba na shangazi, baba mmoja mama mmoja, walipewa asilimia tofauti, na maneno yakaanza. Maelezo yake si magumu, ila ripoti iliyaficha mbali: kila mtoto anachukua nusu ya vinasaba vya kila mzazi, lakini si nusu ile ile, kwa hiyo ndugu hawawezi kulingana isipokuwa mapacha wa kufanana. Isitoshe, asilimia zenyewe ni kulinganishwa na kundi la watu ambao kampuni inao kwenye hifadhi yake. Kundi likibadilika, majibu yanabadilika. Yetu yalibadilika baadaye bila mtu yeyote kubadilisha wazazi. Ramani hiyo itazame kama burudani.

Kilicho na thamani ni orodha ya ndugu waliolingana nawe, na kiasi cha vinasaba mnachoshiriki hupimwa kwa kizio kiitwacho sentimogani. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki kama 2,600 hivi, binamu wa kwanza, yaani watoto wa ndugu wawili, kama 850, wa pili, yaani watoto wa mabinamu hao, kama 230, wa tatu, yaani wajukuu wao, kama 70. Sasa tatizo: shangazi na mtoto wa ndugu yake hushiriki kama 1,750, na ndugu waliochangia mzazi mmoja tu nao ni hivyo hivyo, na bibi na mjukuu wake pia. Mfumo hauwezi kutofautisha kwa namba hiyo peke yake, unakisia. Mdogo wetu mmoja alifungua majibu akakuta shangazi ametajwa kama huenda ni dada yake. Kundi la familia kwenye simu liliwaka moto kwa saa nzima kabla sijafika na namba zangu.

Kisa cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Kuna ndugu yetu ambaye kwa masimulizi ni binamu yangu wa tatu, na kwenye orodha yangu hakuwepo kabisa. Minong'ono ikaanza kuhusu bibi yake mzaa babu, marehemu asiyeweza kujitetea. Ukweli ni kwamba kama mmoja kati ya binamu wa tatu 10 hawaonyeshi kinasaba chochote cha pamoja, kwa bahati tu ya kugawanywa. Nikamfungulia shangazi orodha yake, na jamaa yumo, amekaa pale anapostahili, kwa sababu shangazi yuko kizazi kimoja karibu zaidi na yule babu wa pamoja. Ndiyo maana nasema kama mna uwezo wa vichupa vichache tu, wapeni wazee. Vya wajukuu ni mapambo.

Na yule binamu aliyekataa? Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kumpa haki. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji aliyetafutwa kwa miongo, kwa kuanzia kwenye vinasaba vya ndugu zake wa mbali vilivyokuwa kwenye tovuti ya nasaba. Sawa, huyo alistahili. Lakini mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za 23andMe, kampuni ya vipimo vya vinasaba, na kwa kupitia kipengele cha kuonyesha ndugu wakafikia habari za watu takriban milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Nywila ya mtu inabadilishwa. Vinasaba vyake havibadilishwi, na aliyetema ametema kwa niaba ya watoto wake na ndugu zake ambao hawakuulizwa. Ilibidi mazungumzo haya yafanyike kabla ya visanduku kufunguliwa, wote tukiwa macho, na pawe na ruhusa ya kusema hapana bila kuonekana mgumu.

Nilichofanya mwishoni: nimepakua data yangu ghafi, nimezima kuonekana kwenye orodha za wengine, na nimeomba sampuli yangu iharibiwe. Mipangilio hiyo ipo, ila utaitafuta. Ya shangazi imebaki, kwa sababu ndiyo inayovuta majina mapya, na mwenyewe nilipomweleza hatari zote alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anayemtaka kwa ajili ya mate yake aje tu, anajua anapokaa.