Beleshi lipi la theluji ununue? Mpangilio wangu baada ya misimu sita Breckenridge

Saa kumi na moja alfajiri Breckenridge, Colorado, bado ni giza, na greda la manispaa linapita mtaani likinguruma, likisukuma theluji ya barabarani pembeni. Likishapita linaacha zawadi yake: tuta la theluji iliyobanwa, limejaa mabonge ya barafu, limeziba mdomo wa njia ya gari. Theluji iliyoanguka usiku ni nyepesi kama unga wa muhogo, hiyo haina neno. Kazi iko kwenye lile tuta, na wengi wetu tukifika dukani mara ya kwanza tunalisahau.

Piga hesabu kwanza. Njia ya gari ya mita 10 kwa 5, ikilaliwa na theluji ya sentimita 30, ni mita za ujazo 15. Theluji mpya na kavu ina kilo kama 80 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo una zaidi ya tani moja ya kuhamisha kabla ya chai, na tuta hujaligusa. Kule Sierra Nevada, California, theluji ina maji mengi zaidi, mpaka wenyeji wanaiita saruji. Kinachoua mgongo ni kunyanyua na kurusha, kusukuma si tatizo. Basi mimi nimepanga vyombo hivi kwa swali moja: kitakunyanyulisha mara ngapi?

Namba moja ni beseni la kusukuma. Wageni hulipita wakidhani ni kibembea cha watoto: beseni pana la plastiki lenye mpini mkubwa wa chuma wenye umbo la U. Unalisukuma linajaa, unakandamiza mpini, ulimi wake unainuka, kisha unateleza nalo juu ya theluji mpaka pa kumwagia. Pale unalivuta nyuma kwa ghafla, mzigo unabaki, wewe unarudi. Hujanyanyua kitu. Bei ni kati ya dola 50 na 90. Kampuni ya Garant ya Quebec inayatengeneza na hayana maringo. Ubaya wake ni kwamba kwenye ngazi halifai kabisa. Halafu ikifika Februari, kingo za theluji zimepanda hadi kifuani, itabidi ushindilie kamteremko ka kulipandishia. Kashindilie jioni, usiku katagandishwa, asubuhi kako kama sakafu.

Namba mbili, na hili huwezi kulikwepa, ni beleshi la plastiki la upana wa sentimita 45 lenye ukingo wa chuma. Ni la ngazi, la varanda, la kuzunguka gari. Nenda dukani na glavu zako za baridi mkononi, uone kama kishikio kinaingia. Simamisha beleshi wima: likiishia kiunoni, rudisha, utainama mpaka uzeeni. Mpini uwe wa mti au faibaglasi, maana wa alumini unanyonya joto la kiganja hata kupitia glavu. Na usiingie tamaa ya lile la sentimita 60. Vijana hulichagua kwa sifa, kisha ukiwatazama dakika ya kumi wanalijaza nusu.

Ukingo wa chuma una kazi yake, kwa sababu plastiki tupu husagika kwenye zege ikawa kama meno ya mzee. Ila kwenye sakafu ya mbao uende kwa adabu. Msimu wangu wa kwanza nilichora mistari mirefu kwenye varanda ya mwerezi ya mteja, na mshahara wa wiki ile ukakatwa. Siku hizi mbao naziachia ufagio.

Beleshi pana la kusukumia, sentimita 75, ni namba tatu. Kwenye lami tambarare na theluji chini ya sentimita 10 ni raha tupu. Zaidi ya hapo linakwama.

Namba nne ni beleshi la chuma, lile la mafundi ujenzi. Ni la kuvunjia mabonge ya tuta tu. Linunue lililotumika.

Mashine ya petroli ya kurusha theluji nimeiweka ya mwisho kwa mpangaji asiye na gereji. Ile yenye nguvu ya kula tuta inaanzia dola elfu moja hivi. Tena Breckenridge iko mita 2,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inapoteza zaidi ya robo ya nguvu yake. Muulize muuzaji kama kabureta imerekebishwa kwa miinuko. Kama una mkataba wa kuondoa theluji kwenye nyumba kumi, basi hii ndiyo namba moja yako. Ikiziba, zima, uzibue kwa kijiti. Mkono usiingie humo kamwe, hata injini ikiwa kimya.

Chochote utakachonunua, kisugue kwa mshumaa kabla ya kutoka, theluji mbichi haitang'ang'ania. Nunua mwezi wa tisa. Dhoruba ya kwanza ikipiga, rafu zinabaki tupu. Na andika jina lako kwenye mpini. Langu la kwanza liliazimwa siku ya Krismasi, na mpaka leo naliona kila asubuhi likifanya kazi mtaa wa pili.