Kuta wamezipendezesha, vizingiti vya madirisha wameviharibu: uzoefu wangu na kampuni ya rangi hapa Moshi

Kampuni iliyopaka rangi nyumba yangu hapa Rau sitaitaja, ingawa kuna siku ninatamani kuitangaza kwa kipaza sauti. Kuta zilitoka vizuri, na ninasema hivyo mapema ili nisidhaniwe kuwa nina chuki nao. Ninacholalamikia ni vizingiti vya madirisha, vile vya zege vinavyojitokeza nje.

Kizingiti kilichojengwa na fundi anayeijua kazi yake huwa na mfereji mwembamba upande wa chini, karibu na ukingo wa mbele, ili maji ya mvua yakifika hapo yadondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Fundi wao aliuchukulia mfereji huo kuwa ufa, akaujaza pati ya jipsamu, ile ya kulainishia kuta za ndani, kisha akaupiga msasa hadi usionekane kabisa. Nilipomweleza kazi ya mfereji ule, alinijibu bila hata kushuka ngazini: "Mama, wewe chagua rangi, ufundi tuachie sisi." Msimamizi wake alikuwa pale pale, akacheka. Kicheko kile bado kinanikera kuliko fedha niliyolipa.

Upande wa juu nao, palipokuwa na kuvu na rangi ya zamani iliyobambuka, hawakukwangua kwa brashi ya waya, hawakuosha wala hawakupaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuishikisha rangi ya juu. Kona zilizomeguka walizifinyanga kwa saruji mpya, na siku chache baadaye wakazipaka rangi ya mafuta, ilhali saruji huachwa takribani siku 28 ikomae, kwa kuwa ualikali, yaani ule ukali wa kikemikali wa saruji mbichi, huigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kama sabuni.

Masika yalipoanza, jipsamu ilinyonya maji, ikalainika na kuporomoka vipande vipande pamoja na rangi yake, na chini ya kila dirisha ukuta ukabaki na michirizi ya uchafu. Nilimpigia simu msimamizi, naye akasema kwamba mvua za Moshi ni kali mno. Kumbe nyumba za Moshi hupakwa rangi ya kukaa juani tu!

Nilikusudia kuwapa nusu ya sifa kwa ajili ya kuta, na pia kwa sababu walifagia vizuri kabla ya kuondoka. Lakini kuta zenyewe sasa zimechafuka kwa sababu ya vizingiti, kwa hiyo nusu hiyo nayo ninaifuta. Labda nimbakizie kijana mmoja tu, msaidizi wao, aliyewaambia wakwangue kwanza akaambiwa anyamaze. Huyo akianza kujitegemea nitamwita aje arudie kazi yote. Hao wengine wasinipigie tena simu kuulizia salio lao.