Miche ya Parachichi ya Kubebeshwa: Kiriba Kidogo au Kikubwa?

Kwenye vitalu vya Njombe na Rungwe miche ya parachichi aina ya Hass, iliyobebeshwa (yaani kijiti cha Hass kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine), huuzwa katika viriba vya saizi mbalimbali. Hapa tunalinganisha viwili: kile kidogo cha inchi 4 kwa 6, na kile cha inchi 6 kwa 9. Kwa juu miche yake haina tofauti. Imefika magotini, majani yanang'aa, nailoni ya kubebeshea bado iko shingoni. Mnunuzi anaona bei imezidi kwa ajili ya plastiki na udongo tu, anachukua vidogo. Tunashauri alipe hiyo ziada.

Mparachichi hutanguliza mzizi mkuu, na mzizi huo una haraka. Ndani ya kiriba kifupi hugota chini, ukapinda, ukaanza kujizungusha kama kata ya kubebea ndoo. Ukishahamia shambani haujinyooshi tena. Mti hudumaa, au unasimama vizuri miaka mitatu halafu upepo unaulaza ukiwa na matunda. Kiriba kikubwa kinachelewesha tu jambo hilo, hakiliondoi: mche uliolala kitaluni tangu msimu uliopita utaukuta na kata hata humo. Kwa hiyo uliza umebebeshwa lini. Miezi 3 hadi 6 ni umri mzuri wa kuhamishwa. Kiriba kidogo tunakikubali kwa mche wa miezi 3 unaokwenda shimoni mara moja, si zaidi ya hapo.

Kama unanunua miche mingi, mwambie muuzaji achane kiriba kimoja, ukilipie. Udongo ubaki umeshikana, vimizizi vyeupe vionekane pembeni. Ukimwagika kama mchanga, hata shambani utamwagika na kuikata mizizi. Kisha inua viriba vingine utazame vitako. Ukiona mzizi mnene umekatika na kidonda bado kibichi, ujue mche ulikuwa umeshatoboa kiriba na kuingia ardhini, ukang'olewa asubuhi hiyo kwa ajili yako. Huo utanyauka ndani ya wiki. Mche wenye maua au kitunda, ambao wauzaji hupenda kuuweka mbele, usikubabaishe: kikonyo, yaani kile kijiti kilichobebeshwa, kimetoka kwenye mti mzima, kinachanua kwa mazoea yake. Ukiupanda, yaondoe maua yote ili nguvu iende kwenye mizizi.

Safarini miche isimame wima na ifunikwe turubai, maana upepo wa nyuma ya gari hukausha majani kuliko jua. Ishike kwa kiriba, kamwe si kwa shina. Ikifika, iweke kivulini karibu na shamba wiki moja au mbili, ukipunguza kivuli kidogo kidogo.

Nyanda za Juu Kusini mashimo huchimbwa mapema, Septemba au Oktoba: sentimita 60 kila upande, udongo mweusi wa juu ukiwekwa mbali na ule wa chini. Rudisha ule wa juu kwanza, uliochanganywa na debe moja la samadi iliyoiva. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jaza wiki tatu au nne kabla ya kupanda ili udongo ushuke wenyewe. Ukijaza na kupanda siku hiyo hiyo, mche utazama pamoja na udongo, shimo litageuka bakuli la maji, na mparachichi hauvumilii maji ya kutuama, mizizi huoza.

Mvua ya kwanza isikudanganye, mara nyingi hufuatwa na jua la wiki mbili. Chimba kidogo uone: kama unyevu umeshuka sentimita 30, panda. Kwa wenye vuli na masika ambao hawana maji ya kumwagilia, masika ni salama zaidi.

Mwagilia viriba jana yake. Panda baada ya saa 10 jioni, au siku ya mawingu. Kata kitako cha kiriba kwa kisu kikali, sentimita 2 pamoja na udongo na mizizi iliyoanza kuzunguka, kisha uchane ubavu na uitoe plastiki yote. Kuna wanaochana ubavu tu na kufukia vyote; mche huo unabaki kifungoni. Udongo wa kiribani ubaki juu ya usawa wa shamba kwa sentimita 5, na kiungo cha kubebeshea kisifukiwe hata kidogo. Shindilia kwa mikono, si kwa kisigino, halafu mimina lita 10 hadi 20 polepole, hata kama mvua inanyesha, ili mianya ya hewa izibwe.

Nailoni ya shingoni, kiungo kikishashikana, ikatwe. Isipokatwa, shina hunenepa juu na chini yake, katikati kunabaki kiuno cha nyigu, na hapo ndipo litakapovunjika. Matandazo yawe na unene wa sentimita 10, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja kwa sababu ya mchwa na uozo. Kivuli cha makuti au majani ya mgomba, upande wa jua la mchana, kitoshe wiki tatu hadi nne.

Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja huchukua miche 80 hivi. Nunua 90, kumi iliyobaki uihamishie kwenye viriba vikubwa zaidi kwa ajili ya kuziba mapengo. Na kila wiki pitia chini ya kiungo ukiondoa machipukizi kwa kidole yangali laini. Hayo ni ya shina la chini, si Hass. Ukiyaacha yatakimeza kikonyo ulichokilipia.