Fainali za DCI, Indianapolis: chagua kiti cha juu

Anayekwenda Lucas Oil Stadium kupima ustadi wa bendi za DCI (Drum Corps International, mashindano ya Marekani ya bendi za ngoma na matarumbeta zinazopiga zikitembea uwanjani) asikimbilie viti vya mbele. Pale chini unamsikia mpigaji mmoja mmoja. Sauti huungana ukikaa juu, mkabala na katikati ya uwanja.

Tofauti ya World Class, daraja la juu la bendi hizi, na daraja la chini yake, Open Class, haiko kwenye ukubwa wa sauti (kelele kila mtu anaweza). Sikiliza noti ya kwanza baada ya kimya: wameingia pamoja? Halafu ngoja kipande cha polepole kinachopigwa miguu ikikimbia. Pumzi ikipungua, tuni huyumba.

Kuvuka upana wa uwanja, mita 49 hivi, sauti huchukua sekunde 0.14. Mpigaji wa nyuma akifuata anachosikia kutoka mbele, kwa watazamaji vitini atasikika amechelewa mara mbili ya hapo, yaani karibu pigo zima kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika. Ndiyo maana wa mbele ndio husikiliza ngoma zilizo nyuma yao. Kundi changa hulisahau hili mistari inapotawanyika.

Kasoro ya kukaa juu: mwangwi wa uwanja huu wenye paa humeza mapigo ya haraka ya ngoma ndogo.