Narnia au Harry Potter: kipi kwa mtoto wa nyumba ya Kikristo?

Wazazi wanaoshika Kumbukumbu la Torati 18:10-12, inayokataza uchawi, huuliza: kama Narnia, hadithi za watoto za C.S. Lewis, inaruhusiwa, mbona Harry Potter, hadithi ya mvulana mchawi, inakatazwa? Zote zina vitabu 7, zote zina wachawi.

Tuanze na uchawi wenyewe, maana ndipo ugomvi ulipo. Katika Narnia, Mchawi Mweupe ni adui, na mtoto anayejaribu uchawi hukemewa. Lucy, mmoja wa watoto wa hadithi hiyo, anasoma maneno ya kitabu cha uchawi ili asikie rafiki yake anamsema vipi. Aslan, simba mtawala wa Narnia, anamwambia wazi kwamba huko ni kupeleleza watu. Kwa Harry, uchawi ni kipaji cha kuzaliwa na somo la darasani. Hapo Narnia inashinda, ingawa si safi kama wengi wanavyodhani: mwenye kitabu kile ni mchawi mwema, na Bacchus, mungu wa divai, yumo pia.

Ujumbe? Aslan anakufa badala ya Edmund, kaka msaliti wa Lucy, kisha anafufuka. Mahubiri tayari. Lakini Harry naye anajitoa afe kwa ajili ya wenzake, na kaburi la wazazi wake lina maneno ya 1 Wakorintho 15:26, kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Ukiishia kitabu cha kwanza (1997) hulioni hilo. Liko cha mwisho (2007).

Giza la Harry huzidi kuanzia kitabu cha 4, kwa hiyo mdogo anayesoma peke yake mpe Narnia. Kijana mbishi, mkisoma pamoja, Harry atawapa mengi ya kujadili. Na familia iliyoacha waganga juzi tu, vyote viwili vinaweza kusubiri.